Majibu ya Mashine Iliyokufa

Kitu cha kwanza ninachokumbuka ni harufu. Nilipolegeza skrubu ya mwisho na kunyanyua mfuniko wa ile mashine ya kupimia damu, nilipigwa puani na damu iliyokauka, mkojo wa panya na vumbi lililopikwa na joto, vyote kwa mpigo. Mende waliokufa walikuwa wamebanana kati ya nyaya. Mipira myembamba ambayo damu ya mgonjwa hupitia ilikuwa imejaa kitu cha kahawia kilichoganda, na kitu hicho kilikuwa damu ya watu nisiowajua, wa nchi nisiyoijua, ambao hospitali yao iliichoka mashine hiyo ikaitoa. Nilikwenda nyuma ya zahanati nikatapika chai ya asubuhi, nikanawa uso, nikarudi.

"Umemaliza?" mwenye zahanati aliniuliza.

"Sijaanza," nilimjibu.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, milango ilipofunguliwa na kila kilichochakaa kwa wenzetu kikaingia kwetu: nguo, friji, matairi, hata dawa ambazo tarehe zake zilikuwa zimekwanguliwa kwa wembe. Mwenye zahanati yule alianza na marobota ya mitumba. Akajenga nyumba ya wageni na baa pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Serikali iliporuhusu watu binafsi kutoa matibabu, akafungua zahanati Magomeni, Kilosa mjini. Hakuwa daktari wala hakujifanya daktari. Alipenda kusema kwamba watu hawaachi kuugua.

Mimi ni mzaliwa wa Kilosa, baba yangu alifanya kazi reli. Nilisoma kompyuta miaka miwili Dar es Salaam, kisha nikapanga fremu ya duka Mikumi, jirani na ile nyumba ya wageni, nikawa nachapa barua za watu na kufufua printa zilizojaa mchanga. Huko ndiko alikonifuata na pikapu yake.

"Binti, nina mashine ya Ulaya," alisema. "Kioo chake cha majibu kimekufa, lakini ina tundu la kuunganisha kompyuta. Twende ukaifanyie kazi."

Siku mbili nilizitumia kusafisha tu. Nilivaa glovu mbilimbili na bado nilihisi mikono yangu inanuka hadi wakati wa kula. Aliyenisaidia alikuwa mzee wa maabara, mstaafu wa hospitali ya serikali, mtu wa Kimamba ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge. Alikuwa mpole, mwembamba, na hadubini yake mwenyewe aliifunika kwa kitambaa alichofua kila Ijumaa. Hakuipenda ile mashine. Ila alisema akiletewa wagonjwa thelathini kwa siku, macho yake hayawezi tena.

Sehemu yangu ilikuwa kuifanya kompyuta iongee na mashine. Kompyuta haijui kuongea na kila kifaa. Kinachoongea kwa niaba yake ni kipande cha programu ambacho sisi mafundi tunakiita draiva. Draiva inakiuliza kifaa swali, inasubiri jibu, kisha inalikabidhi ili lionekane kwenye kioo. Ile ya kiwandani ilikuwa imepotea njiani pamoja na vitabu vya maelezo, kwa hiyo niliiandika mwenyewe. Nilijivuna sana. Niliandika na programu ya kuchapa majibu, jina la mgonjwa juu, namba chini, na pembeni nikazungushia mstari wa nyota ili karatasi ipendeze.

Umeme ulikuwa wa kukatika, hivyo tulitumia laptopu. Ili betri isiishe, niliipanga iwe inalala ikiachwa bila kuguswa. Kulala kwa kompyuta ni hivi: kioo kinazimika, karibu kila kitu kinapumzika, lakini yaliyomo kwenye kumbukumbu yanabaki. Ukibonyeza kitufe, inaamka na kuendelea pale ilipoishia. Shida ni kwamba kifaa kilichounganishwa nayo hakikulala pamoja nayo. Wakati yenyewe imelala, kifaa kinaweza kuzimwa, kuchomolewa au kuungua. Draiva ikiamka haina haki ya kuamini kwamba mwenzake bado yuko hai; inatakiwa imuulize kwanza, na iwe inajua cha kufanya asipojibu.

Hayo nilifundishwa darasani. Niliilaza laptopu mara moja, nikaiamsha, mashine ikajibu vizuri, nikaridhika. Kwenye programu, pale palipotakiwa maelekezo ya nini kifanyike mashine isipojibu, niliandika mstari wa kujikumbusha: hapa nitarudi. Nikarudi Mikumi.

Wiki chache baadaye niliitwa kwenye simu ya kaunta ya nyumba ya wageni. Alikuwa mzee wa maabara.

"Njoo Kilosa leo," alisema. "Njoo na vifaa vyako." Hakuongeza neno.

Nilipofika alikuwa amekaa peke yake maabara, daftari liko wazi mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa usome."

Karatasi za majibu zilikuwa zikitolewa mapokezi, na yeye alinakili nakala zake kwenye daftari kila Jumamosi. Jumamosi ile ndipo alipoona. Tangu Alhamisi, watu tisa walikuwa wamepimwa wingi wa damu. Mmoja alikuwa mpasua mbao, mwingine mwalimu, mwingine mtoto wa miaka mitatu. Wote walikuwa na damu kumi na moja nukta mbili, kiasi kisichomtisha mtu. Chembe nyeupe zao zililingana hadi tarakimu ya mwisho.

"Damu za watu tisa haziwezi kufanana namna hii hata wangekuwa mapacha," alisema.

"Umemwambia bosi?"

"Nimempigia. Amesema labda watu wa huku wanakula chakula kimoja."

Nilifungua mfuniko. Safari hii harufu ilikuwa ya nyama iliyoungua. Mjusi wa ukutani alikuwa ameingia kujipasha joto, akajilaza juu ya kadi ndogo ambayo ndiyo iliyopeleka majibu kwenye kompyuta. Umeme ulipokatika na kurudi Alhamisi asubuhi, ulimkaanga papo hapo, na kadi ikafa naye. Ngozi yake ilikuwa imegandana na plastiki. Nilimbandua kwa bisibisi, vipande vipande, huku nikipumulia mdomoni. Feni ya mashine iliendelea kuzunguka, taa iliwaka, sindano ilivuta damu kama kawaida. Mtu yeyote angeona mashine ni nzima.

Kisha nikafungua programu yangu, na pale ndipo kinyaa kilipohama kutoka kwa mjusi kikaja kwangu. Laptopu iliamka Alhamisi ile, draiva ikaiuliza mashine, mashine ikanyamaza. Kwa kuwa sikuiambia ifanye nini ikinyamaziwa, draiva ilichukua kilichobaki kwenye kumbukumbu, yaani majibu ya mgonjwa wa mwisho wa Jumatano, ikayakabidhi kama majibu mapya. Programu ikaandika jina la mtu mwingine juu yake na kumzungushia nyota.

Mzee alikuwa ameshaanza kuwatafuta wale tisa. Saba walikuwa watu wa mjini, aliwapima upya kwa mkono na hawakuwa na shida kubwa. Wa nane alikuwa msafiri aliyeshuka kwenye treni akiwa na homa, akapanda nyingine kesho yake. Huyo hatukumpata, na mpaka leo sijui alikwenda wapi wala alikuwa na damu kiasi gani. Wa tisa alikuwa mwanamke mjamzito wa Chanzuru.

"Huyo ndiye anayenikosesha raha," mzee alisema. "Viganja vyake nilivitazama. Vilikuwa vyeupe. Nikasema moyoni, mashine itaona zaidi yangu."

Mwenye zahanati alifika wakati tunajiandaa kutoka. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, nikamwomba pikapu twende Chanzuru.

"Mkifika mtamwambia nini?" aliuliza.

"Kwamba yale hayakuwa majibu yake."

"Na kesho kijiji kizima kitajua." Alitoa leso akajifuta shingo. "Akijisikia vibaya atarudi mwenyewe. Pikapu ina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kupeleka kreti za bia Mikumi. Nilimtazama akipanga kreti na dereva wake, shati limemgandama mgongoni, akihesabu kwa sauti kwa uangalifu mkubwa kuliko aliowahi kuutumia kwa mgonjwa.

Tulikwenda kwa baiskeli, mzee na mimi. Tulimkuta yule mwanamke amelala kwenye mkeka ukumbini, miguu imevimba, anapumua kama aliyetoka kukimbia. Mzee alimvuta chini kope la jicho kwa kidole gumba akanitazama. Ndani ya kope palikuwa peupe kabisa.

Mama mkwe wake alitupokea vizuri, akatuletea viti. Alikuwa ameifunga ile karatasi ya majibu kwenye pindo la khanga, akaifungua atuonyeshe.

"Jana alitaka tumrudishe hospitali," alisema. "Nikamwambia, kompyuta imesema una damu, ni uvivu wa mimba tu. Nikampa mtama atwange, mwili uchangamke."

Mzee alimwambia kwa utulivu kwamba mashine ilikuwa mbovu na kwamba mgonjwa aende hospitali ya wilaya sasa hivi. Mimi nilikuwa nazitazama zile nyota kwenye karatasi.

Mumewe alimpakia kwenye karia ya baiskeli, akawa anaikokota, mimi nikimshika mgonjwa mgongoni asianguke. Alikuwa baridi, jasho lake lilikuwa baridi pia. Hospitalini walimpokea haraka, mumewe na kaka yake wakatoa damu. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa siku ya pili akiwa ameshafariki. Daktari hakusema kama zile siku tatu za kukaa nyumbani ndizo zilizosababisha, na mimi sikuuliza. Niliogopa jibu.

Wiki iliyofuata kadi nyingine ililetwa kutoka Dar, na nilikaa maabara siku nne nikiandika draiva upya. Sasa laptopu ikiamka, kabla ya kufanya lolote ilifuta majibu yote ya zamani kwenye kumbukumbu. Kisha iliiuliza mashine: upo? Ilisubiri kwa sekunde chache zilizopangwa, ikauliza tena, ikauliza mara ya tatu. Isipojibiwa iliiandika mashine kuwa imekufa, ikakataa kila ombi jipya, na maombi yaliyokuwa yakingoja ikayarudisha na taarifa kwamba hayakutimizwa, ili kitu chochote kisibaki kikisubiri jibu lisilokuja. Kioo kiliandika kwa herufi kubwa: MASHINE HAIJIBU, HAKUNA MAJIBU. Printa ilifungiwa isichape.

Mzee ndiye aliyekuwa akiijaribu. Nilimwambia aifanyie kila uonevu anaoujua. Alichomoa kebo laptopu ikiwa imelala. Akaichomoa inapoamka, akaizima mashine katikati ya kipimo. Toleo la kwanza liliganda kabisa, kwa sababu niliiacha draiva isubiri bila kikomo na laptopu nzima ikasimama nayo. Hata daftari la wagonjwa lililokuwa ndani halikufunguka. Nikaweka kikomo. Akachomoa tena, nikaamsha, kioo kikasema hakuna majibu, na kazi nyingine zikaendelea. Tulirudia mpaka kidole chake kikawa na alama ya kebo.

"Sasa hii inajua kusema sijui," mzee alisema. "Hiyo ndiyo mashine ninayoweza kukaa nayo chumba kimoja."

Kwa kuwa ile mashine ilikuwa imechoka, ule ujumbe ulitokea mara kwa mara. Ulipotokea, mzee alirudi kwenye mbinu zake za mkono na foleni ikarefuka. Baadhi ya wagonjwa waliondoka. Haikupita muda mwenye zahanati akaniita baani kwake Mikumi. Alikuwa anakula mbuzi wa kuchoma, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, na mbele yake, kando ya sahani, palikuwa na disketi niliyomkabidhi siku ya kwanza, ile yenye programu ya zamani. Alikuwa ameshaishika kwa vidole vilevile vya mafuta. Lebo ilikuwa imelowa mafuta.

"Rudisha hii," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa haina maneno mengi."

"Ile ya kwanza ilitoa majibu ya mtu mwingine."

"Mara ngapi? Mara moja. Hii yako mpya inanitangaza kila siku kwamba nina mashine mbovu."

"Ni kweli unayo."

Alicheka huku anatafuna. Kipande cha nyama kilimtoka mdomoni kikaangukia mezani, akakiokota akakirudisha. "Kompyuta yangu, mashine yangu. Wewe ulichofanya ni kuandika maneno."

Nilimwambia sitafanya. Niliondoka, nikanawa mikono fremuni kwangu ingawa sikuwa nimegusa kitu. Siku tatu baadaye mzee alipiga simu kunieleza kwamba amekuja fundi kutoka Morogoro akarudisha programu ya zamani, na kwamba yeye ameshafunika hadubini yake na kuipeleka nyumbani Kimamba.

Tuliandika barua pamoja, kwa mwandiko wake maana ulikuwa mzuri kuliko wangu, tukaipeleka ofisi ya afya ya wilaya. Ofisa aliyeipokea alitusikiliza, akasema haelewi mambo ya kompyuta, ila yuko tayari kuja kuona. Alikuja siku hiyohiyo mchana. Mwenye zahanati alikuwepo, amevaa tai.

"Nionyesheni hilo kosa," ofisa alisema.

Niliomba mashine ipime damu ya mtu mmoja wa mapokezi. Majibu yakatoka. Nikailaza laptopu, nikachomoa kebo nyuma ya mashine, nikaiweka mezani ambapo kila mtu aliiona. Nikaiamsha laptopu. Nikaandika jina la ofisa, nikabonyeza.

Printa ikapiga kelele. Ofisa akapokea karatasi yenye jina lake, wingi wa damu yake na chembe zake zote, ilhali hakuna aliyemchoma hata kidole. Aliitazama kwa muda. Aliigeuza nyuma kana kwamba palikuwa na kitu zaidi, kisha akaitazama tena.

"Kuna mgonjwa aliyepewa karatasi kama hii?" aliuliza.

"Tisa," mzee alijibu.

Mwenye zahanati alianza kueleza kwamba fundi ndiye aliyekosea, na akaninyooshea kidole. Hapo alisema ukweli. Nilikubali mbele ya ofisa kwamba programu ile niliiandika mimi na kosa lilikuwa langu, na kwamba nililirekebisha, na kwamba yeye alijua na akaamuru lirudishwe. Ofisa aliandika yote. Mashine ilikatazwa kutumika kuanzia saa ile na maabara ikafungwa.

Ningependa kusema jambo hilo lilinipa furaha. Miezi michache baadaye nilipita Magomeni nikakuta ile meza haina kitu. Mashine ilikuwa imeuzwa kwa mtu wa mikoa ya kusini, pamoja na laptopu na disketi. Nilimfuata mwenye zahanati baani kwake nikamwomba jina la mnunuzi ili nimpelekee programu sahihi. Alisema hakumbuki. Alisema hivyo huku akichokonoa meno, akinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kumtemea mate mtu mzima. Sikumtemea. Nilihamisha fremu yangu mwezi ule ule, nikarudi Kilosa, kwa sababu sikuweza kuendelea kunusa jiko lake.

Kabla mwaka haujaisha nilikwenda Chanzuru. Yule mwanamke alikuwa barazani anapeta mchele, mwili umerudi, viganja vina rangi. Alinikumbuka kama dada aliyemshika mgongo njiani, akanishukuru. Nikaona siwezi kukaa na shukrani ile. Nilimwambia mimi ndiye niliyeandika ile programu, na nilimweleza kosa lilikuwa nini.

Alipeta ungo mara mbili tatu kabla ya kusema.

"Kwa hiyo siku ile mashine haikuniona."

"Haikukuona."

"Mimi nilisema sijisikii vizuri. Nilisema siku zote tatu." Akaweka ungo chini. "Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua. Kamwambie mama, yupo nyuma ya nyumba. Hajawahi kuniomba radhi kwa ule mtama."

Nilizunguka nyumba. Mama mkwe alikuwa anaosha vyombo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikachuchumaa pembeni yake nikamweleza tangu mwanzo, polepole, bila kumtaja mwenye zahanati wala mjusi. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya maji. Nilipomaliza alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, kama mtu anayekagua samaki na kugundua wameoza.

"Wewe umesoma," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua inaweza kutokea."

"Nilijua."

Akainuka akajifuta mikono, akanipita bila kuniaga, akaenda barazani kwa mkwewe. Nilimsikia akiongea kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Sikusikia alichosema. Nilichukua baiskeli yangu nikaikokota hadi barabarani.